Betri ya Motokaa Wakati wa Baridi na Safari Fupi

Mwezi wa Julai ufikapo, mji wa Kitale huamka katika ukungu. Mlima Elgon hauonekani, majani ya mahindi yamelowa umande, na saa kumi na moja alfajiri watu waliojifunika makoti huonekana wakisukuma motokaa barabarani. Ndani amekaa dereva, mguu juu ya klachi, akingojea mwendo upatikane ili injini ishike. Siku nyingine hushika. Siku nyingine hukataa kabisa, na maziwa yaliyokuwa yapelekwe mjini hukawia mpaka yakachacha, au mgonjwa aliyekuwa apelekwe hospitali hulala kitandani akingojea gari jingine litafutwe kwa jirani.

Wengi wenye motokaa husema, "Baridi imeua betri." Neno hilo lina ukweli kidogo tu, nalo limewagharimu watu fedha nyingi. Maana mtu alisadikiye hununua betri mpya, akairudia desturi yake ile ile, na baada ya mwaka mmoja au miwili yuko barabarani tena akisukuma. Baridi ya Kitale haitoshi kuua betri iliyo nzima. Kinachoiua ni safari fupi zisizoirudishia umeme ilioutoa, pamoja na joto la miezi ya kiangazi. Baridi huja mwisho, ikaonyesha udhaifu uliokuwamo tangu zamani.

Yafaa kwanza kulinganisha. Katika nchi kama Kanada, ambako usiku wa baridi joto hushuka mpaka digrii 18 chini ya sifuri, betri iliyojaa hutoa nguvu isiyofika nusu ya ile itoayo siku ya joto. Huko baridi ni adui kweli. Mji wa Kitale uko kiasi cha meta 1,900 juu ya bahari, na usiku wa Juni, Julai na Agosti joto hushuka mpaka digrii 10 hivi. Kwa baridi ya namna hiyo betri hupungukiwa kiasi cha sehemu moja katika tano tu. Ni kweli kwamba oili ya injini nayo huwa nzito alfajiri, hata stata ikahitaji nguvu zaidi kuizungusha. Lakini betri nzima iliyojaa hubeba mzigo huo bila shida. Ile iliyojaa nusu ndiyo inayoshindwa.

YALIYOMO NDANI YA BETRI

Watu hudhani kwamba umeme umo ndani ya betri kama maji yalivyo mtungini. Sivyo. Betri ya motokaa ni vyumba sita vilivyopangwa kwa safu, kila kimoja kikitoa volti 2 na kidogo, na vyote pamoja vikitoa volti 12 na zaidi. Katika kila chumba mna mabamba ya risasi ya aina mbili, yaliyozama katika maji yenye asidi kali. Stata inapoomba umeme, asidi huingia katika mabamba na kufanya juu yake chumvi nyeupe ya risasi, na maji yanayobaki huwa mepesi. Betri ikirudishiwa umeme, chumvi ile huyeyuka, asidi hurudi majini, na mabamba huwa kama yalivyokuwa. Mfaransa Gaston Planté ndiye aliyevumbua betri ya risasi namna hii mwaka 1859, na ingawa maganda yamebadilika na mabamba yamekuwa mepesi, kazi yake haijageuka.

Siri yote iko katika chumvi ile nyeupe. Mama apikaye ugali ajua habari ya ukoko. Sufuria ikilowekwa mara baada ya chakula, ukoko hubanduka wenyewe. Ikiachwa siku nyingi, ukoko hukauka na kushikamana, hata mtu akaukwangua kwa kisu. Chumvi ya risasi ni vivyo hivyo. Betri ikirudishiwa umeme upesi, huyeyuka yote. Ikiachwa majuma mengi ikiwa nusu, chumvi hugeuka chembe ngumu zisizoyeyuka tena, na sehemu ile ya bamba iliyofunikwa huwa imekufa. Betri ya namna hiyo hata ikichajiwa usiku kucha huonekana imejaa, kumbe imejaa katika sehemu ndogo tu iliyobaki. Asubuhi stata huzunguka mara mbili, ikanyamaza.

Kabla ya stata ya umeme, mtu aliiwasha motokaa kwa kuzungusha hendeli mbele ya injini, na hendeli ikirudi nyuma kwa ghafla iliweza kumvunja mkono. Stata ilitiwa katika motokaa za Cadillac zilizotoka mwaka 1912, nayo ilikuwa kazi ya Mmarekani aitwaye Charles Kettering. Tangu siku hizo raha ya dereva imetegemea betri, na motokaa za sasa zimezidi kuitegemea, kwa kuwa hata petroli haiingii katika injini bila umeme.

HESABU YA SIKU MOJA

Juu ya betri huandikwa nambari kama 35Ah, 45Ah au 70Ah. Maana yake ni ampea-saa. Betri ya 45Ah ikiwa mpya na imejaa, yaweza kutoa ampea 2 na robo hivi kwa muda wa saa 20. Motokaa nyingi ndogo zitokazo Japani zina betri ya 35Ah au 45Ah, na pikapu za dizeli huwa na kubwa zaidi, maana injini ya dizeli ni nzito kuzungusha.

Tuseme basi mtu mmoja akaa kando ya Kiminini, naye kila asubuhi huchukua maziwa kwa jirani zake kwa pikapu ndogo yenye betri ya 45Ah. Husimama mahali sita, na kila mahali huzima injini, kwa kuwa petroli ni ghali. Kila anapoiwasha, stata hula ampea 180 kwa muda wa sekunde 4, yaani ampea-saa 0.2. Kwa mara sita ni 1.2. Chini ya dashibodi kuna kifaa cha kulinda gari lisiibwe, kingine cha kuonyesha mahali lilipo, na saa. Navyo pamoja hula ampea 0.05 usiku na mchana, gari likiwa limezimwa au linakwenda. Kiasi hicho chaonekana si kitu, lakini kwa saa 24 ni ampea-saa 1.2 nyingine. Jumla ya matumizi ni 2.4.

Na mapato je? Motokaa ina altaneta, ambayo huzungushwa na injini kwa mkanda na kufanya umeme. Hapa ndipo wengi wanapokosea, wakidhani kwamba injini ikinguruma tu, betri yajaa. Injini ikiwa inakwenda polepole, altaneta hutoa sehemu tu ya nguvu zake. Na umeme huo hauendi kwanza katika betri, bali hugawanywa. Taa za mbele na za nyuma hula ampea 10 hivi. Waipa hula 4, feni ya kupasha kioo joto hula mpaka 10 au zaidi, na injini yenyewe nayo hudai fungu lake. Asubuhi ya ukungu na mvua dereva wa maziwa huvitumia vyote hivyo. Tuseme betri hupata ampea 4 zilizobaki, na injini hunguruma dakika 25 kwa jumla. Mapato ni ampea-saa 1.7.

Matumizi 2.4, mapato 1.7; kila siku hupungua 0.7. Siku ya kwanza hakuna aonaye. Siku ya kumi stata huzunguka kwa uvivu kidogo, na dereva husema ni baridi. Kwa siku 30 zimepungua ampea-saa 21, karibu nusu ya betri nzima. Bandu bandu huisha gogo. Na muda wote huo chumvi ya risasi ilikuwa ikikauka juu ya mabamba.

Hesabu hii ni ya mfano, na kila gari lina yake. Lakini yaonyesha mahali pa kushika. Dereva huyu akizima feni na redio, akaacha injini ikinguruma mahali anapokaa dakika moja au mbili tu, na kila juma akafanya safari moja ndefu mchana bila taa, mizani itageuka. Si lazima anunue kitu chochote. Kadhalika mwenye haja tatu mjini, sokoni na posho, na akizifanya kwa safari moja yenye mzunguko badala ya kutoka nyumbani mara tatu, ameipunguzia betri kazi ya kuwasha na kuizidishia muda wa kula.

Kitu kimoja hakifai, nacho hufanywa sana: kuiwasha motokaa uani kila asubuhi na kuiacha ingurume dakika kumi "ili betri ipate moto," kisha kuizima. Altaneta haijapata mwendo wa kutosha, na oili haijapashika vizuri. Betri huenda ikarudishiwa ilichotoa kwa stata, na kidogo juu yake. Deni la usiku hubaki. Afadhali gari lisiwashwe siku tatu, siku ya nne likaenda mwendo mzuri mpaka Endebess na kurudi.

JOTO LA BUNGOMA

Mji wa Bungoma uko chini kuliko Kitale kwa kiasi cha meta 500, na alasiri za Januari na Februari joto hukaribia digrii 30. Chini ya boneti ni kali zaidi kuliko hapo, hasa gari likiisha simama juani baada ya safari. Mwenye motokaa hufurahi miezi hiyo, kwa maana stata hufanya kazi upesi. Hajui kwamba ndiyo miezi ya hasara. Joto huharakisha kuliwa kwa mabamba na kukauka kwa maji. Kanuni waitumiayo wataalamu ni kwamba kila joto la betri likizidi digrii 10 juu ya 25, maisha yake hupungua karibu nusu.

Kwa hiyo mtu wa Bungoma aendaye Kitale mwezi wa Julai kuhudhuria arusi au kununua mbegu, akalala huko, asishangae motokaa ikikataa asubuhi. Betri yake ilidhoofishwa nyumbani, wakati wa jua. Usiku wa Kitale umeifanyia mtihani tu, nayo ikaanguka. Na fundi wa Kitale akimwambia, "Mzee, betri hii imekwisha, nunua nyingine," huenda asema kweli, lakini asikubali kabla haijapimwa.

Barabara ile ile ya kutoka Kitale kwa Kiminini na Kamukuywa mpaka Webuye, na kutoka hapo mpaka Bungoma, ni dawa nzuri ya betri yenye njaa. Mwendo wa zaidi ya saa moja, injini ikizunguka sawasawa, hurudisha sehemu kubwa ya umeme uliopungua. Lakini haurudishi wote. Betri hula haraka ikiwa na njaa, na ikikaribia kushiba hula polepole sana, hata sehemu ya tano ya mwisho yaweza kuchukua saa nyingi. Ndiyo maana katika miezi ya baridi yafaa kuchaji betri usiku kucha mara moja kwa mwezi, kwa mashine ya nyumbani au kwa fundi. Umeme uingie polepole; kipimo cha desturi ni sehemu ya kumi ya ukubwa wa betri, yaani betri ya 45Ah ipewe ampea 4 au 5. Fundi aichajiye kwa haraka ili mteja aondoke baada ya saa moja huiunguza ndani. Yeye asiye na umeme wa nyaya nyumbani aweza kutumia bamba dogo la jua la wati 20, lakini lazima liwe na kifaa cha kuzuia umeme usizidi, na usirudi nyuma usiku.

KUPIMA BILA KUBAHATISHA

Chombo kidogo cha kupimia volti huuzwa katika maduka mengi ya vifaa vya umeme, na bei yake ni ndogo sana mbele ya bei ya betri. Motokaa ikiisha lala usiku kucha, apime kabla hajafungua mlango wala kuwasha taa. Betri iliyojaa huonyesha volti 12.6 au zaidi. Ikionyesha 12.4, imebaki robo tatu hivi. Ikiwa 12.2 ni nusu, nayo yadai kuchajiwa siku hiyo hiyo. Ikiwa 12.0 imebaki karibu robo, na chumvi imeanza kazi yake.

Kisha awashe injini, aiongezee mwendo kidogo, apime tena. Hapo yafaa kuona kiasi cha volti 13.8 mpaka 14.5. Ikibaki katika 12 na kidogo, betri hailishwi, na kosa haliko kwake. Atazame mkanda wa altaneta kama umelegea au unateleza. Mkanda uliolegea hulia asubuhi za mvua, na watu wengi huusikia kelele yake miezi mingi bila kuuliza walia nini. Ikipita 15, altaneta yalisha kupita kiasi na maji ya betri yatakauka.

Kama betri ni nzima na altaneta ni nzima, lakini kila asubuhi volti zimeshuka, kuna mwizi wa umeme. Aweza kuwa taa ya sanduku la nyuma isiyozimika, au redio iliyofungwa na fundi asiyejua waya za kwenda kwenye swichi. Fundi mwenye akili hupima umeme unaotoka gari likiwa limezimwa, kisha hutoa fyuzi moja moja mpaka kipimo kishuke, na hapo mwizi amekamatwa. Kwa matatu mambo ni wazi zaidi. Zile zipigazo muziki kwa spika kubwa stendi, injini imezimwa, zikingojea abiria wajae, haziibiwi na mtu. Zajiibia zenyewe, na kondakta ndiye asukumaye baadaye.

Betri nyingine zina vifuniko vya kufunguliwa. Hizo zitazamwe kila mwezi, na wakati wa joto kila baada ya majuma mawili. Maji yafunike mabamba. Yakipungua huongezwa maji ya betri, yaani maji yaliyochemshwa yakawa mvuke, kisha mvuke ukapozwa ukawa maji tena, yasiwe na chumvi ya ardhini. Maji ya kisima au ya bomba yana madini yanayoharibu mabamba. Na asidi isiongezwe kamwe katika betri inayotumika, kwa kuwa kinachokauka ni maji, asidi hubaki. Wako wauzaji ambao huita vyote viwili kwa jina moja. Mnunuzi aulize na asome chupa.

Vichwa vya betri navyo huota ukungu wa kijani au mweupe, hasa katika hewa ya mvua. Ukungu huo huzuia umeme kupita, hata betri nzima ikaonekana mfu. Mtu ayeyushe magadi katika maji ya vuguvugu, yale yale atumiayo mkewe kulainishia mboga, asugue kwa mswaki mkuukuu, aoshe, akaushe, akaze nati, kisha apake mafuta ya kujipaka. Magadi yasiingie ndani ya betri. Wakati wa kufungua, waya wenye alama ya kutoa (−) hutangulia; wakati wa kufunga huwa wa mwisho. Injini ikiwa inanguruma, waya wa betri usifunguliwe hata kidogo, maana umeme wa altaneta hupanda ghafla na kuunguza vyombo vya gari.

KUAZIMA UMEME

Gari likikataa, majirani huleta gari jingine na waya mbili nene. Jambo hili ni jema likifanywa kwa utaratibu, nalo limewaumiza watu lilipofanywa kwa haraka. Betri inayolishwa hutoa gesi ya haidrojeni, isiyoonekana wala kunuka, nayo hulipuka kwa cheche ndogo. Betri ikipasuka hurusha asidi usoni. Kwa sababu hiyo mtu asivute sigara hapo, wala asimulike kwa kibiriti ili kutazama maji, jambo ambalo bado hufanywa alfajiri za giza.

Waya mwekundu hufungwa kwanza katika kichwa chenye alama ya kujumlisha (+) cha betri iliyokufa, kisha katika kichwa chenye alama hiyo cha betri nzima. Waya mweusi hufungwa katika kichwa cha kutoa (−) cha betri nzima, na ncha yake ya mwisho haifungwi katika betri iliyokufa, bali katika chuma kitupu cha injini yake, mbali na betri, ili cheche ya mwisho itokee mahali pasipo gesi. Gari zima liwashwe, lingurume dakika tano, ndipo lile jingine lijaribiwe. Kuondoa waya ni kurudi nyuma kwa taratibu ile ile. Mtu akizikosea alama, altaneta na vyombo vingine vyaweza kuungua kwa dakika moja, na gharama yake hupita betri kadhaa. Asidi ikimwingia mtu jichoni, aoshwe kwa maji mengi safi kwa muda wa dakika 15 au zaidi, kisha apelekwe hospitali hata kama hasikii maumivu.

Wakati wa kujaribu stata, dereva akanyage klachi, azime taa na feni, azungushe kwa sekunde zisizozidi tano au sita, kisha apumzike nusu dakika. Anayeng'ang'ania bila kupumzika humaliza kidogo kilichobaki na kuichoma stata pia. Motokaa zenye gea za kujibadilisha zenyewe kwa desturi haziwashiki kwa kusukumwa, hata kijiji kizima kikija.

Yako matumizi mengine yaliyoua betri nyingi magharibi ya Kenya. Kabla umeme wa nyaya haujafika vijijini, hasa miaka ya 1990, jamaa wengi walikuwa wakitazama televisheni kwa betri ya motokaa, wakiibeba kwa baiskeli kwenda kuchajiwa sokoni. Walishangaa kuona haidumu. Mabamba ya betri ya motokaa ni membamba, yametengenezwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache, si kunyonywa polepole mpaka mwisho. Betri ya taa za jua ina mabamba manene kwa kazi hiyo. Hata leo mtu aiondoaye betri ya pikapu jioni ili kuwasha taa za harusi, asubuhi airudishe ikiwa mfu, ameipunguzia maisha katika usiku mmoja kuliko baridi ya mwezi mzima.

BETRI KUUKUU

Betri iliyotunzwa hudumu miaka mitatu au minne, wakati mwingine zaidi. Anayenunua mpya atazame tarehe iliyopigwa juu yake. Betri iliyokaa rafuni mwaka mzima bila kuchajiwa imekwisha kuanza kufanya chumvi. Na kama motokaa yake ni ya zile zijizimazo zenyewe zikisimama, zikajiwasha tena dereva aondokapo, anunue aina iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, maana ya kawaida haitamfikisha mbali.

Ile kuukuu isitupwe shambani wala isivunjwe nyumbani ili kupata risasi ya kuuza au ya kutengenezea vitu vya uvuvi. Risasi ni sumu, na watoto ndio inaowadhuru zaidi, katika akili na damu. Katika mtaa wa Owino Uhuru huko Mombasa, watu walidhurika kwa moshi na maji machafu ya kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu karibu na nyumba zao. Bibi Phyllis Omido, aliyewahi kufanya kazi kiwandani humo na mtoto wake mchanga akaonekana ana risasi mwilini, aliongoza madai yao, naye alipewa Tuzo ya Goldman ya mazingira mwaka 2015. Mwezi wa Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Mombasa iliamuru wakaaji hao walipwe shilingi bilioni 1.3. Rufani ikakatwa, hukumu ikatenguliwa, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha.

Maduka mengi ya betri, Kitale na Bungoma pia, hupokea betri kuukuu na kupunguza bei ya mpya. Ichukuliwe ikiwa imesimama wima, isimwage asidi garini, na mwenye kuibeba anawe mikono kabla ya kula.